Kufuli la Kaseti: Gemu ya Baba Mdogo na Shanga za Unyanyembe

Haya jamani, nimerudi. Wiki mbili nilikuwa nyumbani Tabora, likizo. Wale mlioniuliza kama nimeacha kuandika, jibu ni hapana. Nilikuwa na shughuli moja muhimu sana: nilikuwa natengeneza gemu ya zamani.

Najua kuna watakaocheka. Mtu mzima, ana digrii, ana kitambulisho cha gazeti shingoni, anapanda treni ya reli ya kati usiku na mchana kwenda kucheza Mario. Chekeni tu. Ila mkimaliza mnisikilize, maana habari hii ilianza na gemu ikanifikisha kwenye shanga, vitambaa na misafara ya wapagazi, na nimerudi Dar nikiwa na swali ambalo halijaniacha.

Kwanza niwaulize ninyi. Nani kati yenu hajawahi kuchomeka chaja ya pini mbili kwenye soketi ya ukutani ya matundu matatu kwa kuingiza kalamu kwenye lile tundu la juu? Msinidanganye. Nyumba zetu zina soketi za Kiingereza kwa sababu Mwingereza alitutawala. Chaja inatoka kwingine, inafika hapa, inakuta ukuta haujaandaliwa kwa ajili yake. Ndipo kalamu inapoingia. (Ni hatari, msiwafundishe watoto, adapta haina bei kubwa.) Lakini mmeelewa ninachotaka kusema. Kitu kimetengenezwa kwa ajili ya mahali pengine, kimefika kwetu, na mtu wa hapa lazima afanye jambo ndipo kikubali.

Sasa nije kwa baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa baharia. Mwaka 1996 alirudi nyumbani akitokea Ulaya na mzigo wa mitumba, na ndani ya mzigo ule kulikuwa na sanduku la kijivu lenye mlango mbele. Ilikuwa mashine ya gemu ya Nintendo, ile inayoitwa Nintendo Entertainment System. Aliinunua bila kaseti hata moja. Hesabu yake ilikuwa rahisi: pale Dar kila mtaa wenye televisheni una watoto wanaocheza Mario na Contra, kwa hiyo kaseti nitazikuta nyumbani, tena bei ya kutupa.

Kaseti alizikuta kweli, zile za njano, moja ina gemu kibao ndani yake. Akanunua nne. Alipofika Tabora akaita watoto wa mtaa mzima wa Isevya, akawasha mashine, akafungua mlango, akaingiza kaseti. Haikushika. Kaseti ilikuwa nyembamba kuliko tundu. Kila akiwasha, taa nyekundu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na kioo cha televisheni kinafanya vivyo hivyo. Watoto wakaondoka mmoja mmoja.

Tangu siku ile lile sanduku likawekwa juu ya kabati sebuleni kwa bibi, likafunikwa kitambaa cha kudarizi. Mimi nimezaliwa nikalikuta hapo. Nimekua nikilijua kama pambo, na nimekua nikiisikia hadithi yake katika kila sherehe: jinsi baba mdogo alivyouziwa mbuzi kwenye gunia huko Ulaya. Walimtania kwa miaka. Yeye alikuwa anacheka pamoja nao, lakini kaseti zake nne hakuzitupa. Alizihifadhi kwenye kopo la biskuti.

Baba mdogo alifariki mwaka 2021. Vitu vyake vilipogawanywa, shangazi akauliza nani anachukua lile dude la juu ya kabati. Nikasema mimi. Bibi akanitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, hilo halijawahi kufanya kazi hata siku moja. Walimdanganya mwanangu."

Ndiyo maana nimekwenda Tabora. Nilitaka kujua kama kweli alidanganywa.

Nilianza kwa kusoma, kama tulivyofundishwa chuo. Mashine ya kwanza ya aina hii Nintendo waliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983, wakaiita Family Computer, kwa kifupi Famicom. Ilikuwa nyeupe na nyekundu, na kaseti zake zilikuwa ndogo, zenye pini 60. Tena Wajapani nao wanaziita "kasetto". Kwa hiyo wale wanaotusahihisha kila tukisema kaseti ya gemu watulie.

Mwaka huo huo wa 1983 soko la gemu za nyumbani Marekani liliporomoka. Moja ya sababu ni kwamba mtu yeyote aliweza kutengeneza kaseti, na gemu mbovu zikajaa madukani mpaka wateja wakachoka. Nintendo walipokwenda kuuza kule mwaka 1985 hawakutaka kurudia kosa hilo. Wakabadili sanduku, wakabadili kaseti, pini zikawa 72 badala ya 60. Na kati ya pini hizo, nne ziliwekwa kwa kazi moja tu: kufuli.

Kufuli lenyewe linafanya kazi hivi. Ndani ya mashine kuna chipu ndogo. Ndani ya kila kaseti halali kuna chipu pacha. Ukiwasha, zile chipu mbili zinaanza kusemezana kwa siri yao. Zikikubaliana, gemu inaanza. Zisipokubaliana, au ya mashine isipopata wa kusema naye, inazima na kuwasha mashine tena na tena, karibu mara moja kila sekunde. Taa nyekundu inapepesa. Kioo kinapepesa.

Niliposoma hapo nikasimama. Taa inapepesa! Ile ambayo mtaa mzima wa Isevya uliiona mwaka 1996 ukasema mashine imekufa, haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inauliza ufunguo.

Tuwe wakweli, kufuli lile lilikuwa na sababu zake. Lilizuia kaseti za kughushi na lilizuia gemu za hovyo. Lakini pia lilimpa Nintendo nguvu ya kuamua nani atengeneze gemu na nani asitengeneze. Kampuni za nje Marekani zililazimika kupitia kwao, zikawekewa na kikomo cha idadi ya gemu kwa mwaka. Kampuni moja, Atari Games, ilijaribu kutengeneza ufunguo wake. Mawakili wake wakaenda kuchukua nakala ya programu ya kufuli katika ofisi ya hakimiliki ya serikali ya Marekani kwa maelezo ambayo hayakuwa ya kweli. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikawa upande wa Nintendo.

Na kufuli lilikuwa na kazi ya pili, ambayo ndiyo inayotuhusu sisi wa mbali. Chipu za Marekani hazikuelewana na chipu za Ulaya. Hata ndani ya Ulaya, Uingereza na Italia zilikuwa kundi moja na nchi nyingine nyingi kundi lingine. Yaani unanunua kaseti halali kabisa New York, unalipa na risiti unapewa, ukifika Hamburg haichezi. Dunia ilikatwa vipande kama keki. Sasa jiulize, Tabora ilikuwa kwenye kipande gani? Haikuwa kwenye kipande chochote. Hakuna aliyetuhesabu.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994 (Wazanzibari, tunajua, mlitutangulia kwa miaka ishirini, tena kwa rangi). Televisheni zilipoanza kujaa kwenye nyumba za Bara, Famicom halisi hazikuja. Zilikuja nakala zake kutoka Asia, zimepewa majina ya kila aina, na kaseti za njano zenye pini 60 za mtindo wa Kijapani. Hazikuwa na kufuli kwa sababu Famicom ya Japani haikuwa na chipu ya kufuli tangu mwanzo. Ndizo gemu za utoto wa kaka zetu na dada zetu.

Kwa hiyo baba mdogo alikuwa na sanduku la Ulaya na kaseti za mtindo wa Japani. Mlango mmoja, funguo mbalimbali. Kwanza pini hazilingani, pili kufuli.

Hapo ndipo historia ya Tabora ilipoingia kichwani. Siku ya tatu ya likizo nilipanda bodaboda mpaka Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe ambalo sasa ni makumbusho ya Livingstone. Ndipo walipofikia Stanley na Livingstone mwaka 1872 wakitokea Ujiji, na Livingstone akabaki pale akisubiri wapagazi mpaka Agosti mwaka ule. Kila mgeni akifika pale anasimuliwa wazungu wawili hao. Mimi nilikuwa nawaza mizigo. Ndani ya nyumba kama ile kulikuwa na nini? Vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Vyote kutoka nje.

Msomaji ambaye hajafika kwetu aelewe kwamba Tabora haikuwa kijiji cha pembeni. Unyanyembe ilikuwa njia panda. Msafara ukitoka Bagamoyo unapita Mpwapwa, unavuka Ugogo, unafika Tabora. Hapo njia zinagawanyika: moja Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Novemba 1857 wakawakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamejenga, na Wanyamwezi wakiwa mabingwa wa kazi ya kubeba mizigo mpaka pwani.

Na siwezi kuandika habari za njia hii nikasema ilikuwa biashara ya pembe na vitambaa tu. Ilibeba watu pia. Shanga ninazozitaja hapa zilinunua chakula, zilinunua pembe, na zilinunua binadamu. Mtu yeyote anayeisimulia njia ile kwa kuisifu tu anatuficha nusu ya habari. Nimeona niseme hilo wazi kabla sijaendelea.

Haya, shanga. Tulifundishwa shuleni kwamba babu zetu walipewa shanga na vioo wakatoa pembe za ndovu, yaani walikuwa wajinga wa kupokea chochote kinachong'aa. Soma sasa wasafiri wenyewe waliokuwapo walivyoandika. Burton anataja aina za shanga karibu 400. Kila nchi ilikuwa na zake. Ya rangi hii inapokelewa Ugogo, Unyamwezi wanaikataa. Iliyotamba mwaka jana mwaka huu haina mnunuzi. Mfanyabiashara aliyekosea kuchagua alikwama porini na mizigo yake kama mtu mwenye noti zilizofutwa, na wapagazi wanadai posho. Zile nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa mpaka zikapewa majina ya utani yenye maana ya kumaliza chakula na kuvunja miji, kwa jinsi kina mama walivyozipenda.

Tena bidhaa hazikutumika kama zilivyotoka kiwandani. Shanga zilitungwa upya kwenye nyuzi kwa kipimo kinachokubalika huku, kilichoitwa khete. Vitambaa viliongezwa pindo au vikafumuliwa ncha ili viwe na matamvua. Nyaya nene za shaba wahunzi wa bara walizivuta tena mpaka zikawa nyembamba, zikazungushwa kwenye singa za mkia wa mnyama na kuwa mapambo ya mguuni, au zikakunjwa kuwa vitindi vya mkononi. Kiwanda cha Ulaya kilitengeneza waya. Kitindi kilitengenezwa na mhunzi wa huku.

Na merikani je? Hiki kilikuwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kutoka viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani, kikiletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem. Kilipendwa mpaka jina la nchi likawa jina la kitambaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Marekani, 1861 hadi 1865, merikani ikaadimika. Waingereza wakaona nafasi, wakaleta vitambaa vyao vya kuigiza. Wateja wa bara wakavishika, wakavipima kwa vidole, wakavikataa. Sio merikani hii! Baadaye viwanda vya Bombay vikajifunza kutengeneza kitambaa ambacho wateja wa huku walikikubali, vikaja kulishika soko. Kikawa kinatoka India na bado kinaitwa merikani.

Mnaona? Merikani ya Bombay ndiyo kaseti ya njano ya karne ya 19. Nakala iliyomsoma mteja vizuri ikamshinda mwenye mali.

Na kufuli nalo lilikuwapo. Ukipita Ugogo, kila mtemi ana mpaka wake, na mpaka una malipo yake. Hulipi, hupiti, na maji hupati. Malipo yale yaliitwa hongo. Ndiyo, neno lile lile mnalolijua, ambalo leo limegeuka kuwa jina la rushwa, wakati huo ilikuwa ada ya njia inayojulikana na kila mtu. Ile chipu pacha ndani ya kaseti halali, ukiitazama vizuri, ni hongo. Aliyelipa kwa mwenye njia anapita. Asiyelipa taa inampepesa.

Lakini kuna tofauti moja, na ndiyo iliyonikosesha usingizi kule Isevya. Mwaka 1857 bidhaa isipolingana na mahali, hasara ilikuwa ya muuzaji. Yeye ndiye aliyelala macho wazi akiwaza rangi ya shanga. Yeye ndiye aliyelazimika kuuliza: watu wa Unyanyembe wanataka nini mwaka huu? Kiwanda cha mbali kilisikiliza mwanamke wa Unyamwezi amesema nini, la sivyo mzigo unaoza. Mwaka 1996 bidhaa ile ile isipolingana na mahali, hasara ni ya mnunuzi. Tena pamoja na hasara anapewa na jina: mshamba. Amedanganywa. Hakujua alichonunua.

Ni lini mzigo huu ulihama kutoka bega la muuzaji ukatua bega letu? Hilo ndilo swali nililorudi nalo.

Turudi kwenye kazi. Adapta ya kugeuza pini 60 kuwa 72 nilikuwa nimeiagiza mtandaoni miezi miwili kabla ya likizo, ikaja Dar, nikaipakia kwenye begi. Ni kipande cha bodi chenye tundu upande mmoja na meno upande mwingine. Fundi nilimpata karibu na soko kuu, mzee wa makamo, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo na televisheni za chogo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaigeuza mashine mara mbili. "Kijana, hii ni ya siku nyingi. Unataka iseme nini?"

Kwanza akaivalisha plagi ya Ulaya adapta ya pini tatu. Hatukuhitaji kalamu. Kisha akasafisha meno ya tundu kwa spiriti na kitambaa. Nikamwambia sisi tulizoea kupuliza kaseti. Akanikemea kama mwanawe: mate yana unyevu, unyevu unaleta kutu, ninyi ndio mmeua mashine za watu. Nilinyamaza.

Tukaunganisha na televisheni ya chogo, tukaweka kaseti ya baba mdogo kwenye adapta, adapta kwenye mashine. Tukawasha. Taa nyekundu ikapepesa. Ile ile ya mwaka 1996. Adapta ilikuwa imetatua tatizo la pini lakini haikuwa na chipu ya ufunguo ndani yake.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwonyesha kwenye simu. Chipu ya kufuli iko kwenye bodi kubwa, ina miguu 16. Mguu wa nne ndio unaoiambia chipu kazi yake: ukipata umeme, inakuwa kufuli, ukikosa, inajiona kuwa ni ufunguo, na ufunguo haumzuii mtu. Ukiukata mguu ule mmoja, ukaunganisha kipande kilichobaki na upande wa chini wa umeme, mashine haiulizi tena ulikotoka. Fundi akasoma kimya. Halafu akacheka. "Kumbe askari wa getini wakimvua sare anakuwa raia."

Akachomoa umeme, akafungua bisibisi moja baada ya nyingine, akavaa miwani, akahesabu miguu mara tatu kwa sauti. Akaukata wa nne kwa kisu chembamba, akauinua, akaulehemu kwa waya mfupi. Dakika ishirini. Tukafunga. Tukawasha.

Taa ikawaka, ikabaki inawaka.

Kwenye kioo ikatokea orodha ndefu ya majina ya gemu yaliyoandikwa Kiingereza kibovu, na muziki. Wapita njia wakaanza kusimama. Muziki wenyewe ulikuwa mzito, kama kanda yenye betri inayokaribia kuisha. Nilijua sababu. Televisheni za Japani na Marekani hufuata hesabu ya picha 60 kwa sekunde, za kwetu na za Ulaya hufuata 50. Gemu iliyopangwa kwa 60 ukiichezesha kwenye mashine ya 50, kilichopaswa kuchukua sekunde 10 kinachukua 12. Mario anakimbia kama ametoka kula ugali.

Hapo nikawaheshimu hata wale watengeneza nakala. Wahandisi wa chipu za nakala kule Taiwan walilijua tatizo hili. Walibadili saa na mpangilio wa chipu zao ili gemu za hesabu ya 60 ziende karibu na mwendo wake wa kweli kwenye televisheni za hesabu ya 50. Kaseti zao hazikuwa halali, sikatai, na waliotunga gemu zile hawakulipwa. Lakini walituuliza swali ambalo wenye mali hawakutuuliza: televisheni yenu ikoje? Kama yule mfanyabiashara wa shanga.

Nilimlipa fundi. Nikamuuliza kama ana kijana anayemfundisha. Akasema walikuwapo wawili, wameenda kuuza vocha na kuendesha bodaboda. Vitu vya siku hizi, akasema, vimegundishwa kwa gundi, havina hata bisibisi ya kuingilia, ukifungua umevunja. Alisema bila kulalamika, huku anapanga bisibisi zake. Mimi nilifikiria wale wahunzi wa kuvuta waya. Hakuna makumbusho yenye jina lao. Kwihara ina jina la mgeni aliyekuwa anasubiri mizigo.

Jioni nikaiweka sebuleni kwa bibi. Watoto wa mtaa wakaja, watoto wa wale wale walioondoka mmoja mmoja mwaka 1996. Wana gemu nzuri zaidi kwenye simu za mama zao, lakini walikaa. Waligombania padi, wakacheka mwendo wa Mario, wakaombana zamu.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Hakuuliza habari ya pini wala chipu. Nilimweleza kwa kifupi tu kwamba mashine haikuwa mbovu, ilikuwa imefungwa kufuli na waliotengeneza, na kwamba baba mdogo alinunua kitu kizima.

Akaangalia ile taa nyekundu kwa muda. Haikupepesa.

"Kwa hiyo hakudanganywa," akasema.

"Hakudanganywa, bibi."

Akachukua kile kitambaa cha kudarizi kilichokuwa kinaifunika, akakikunja taratibu, akakiweka kabatini.

Haya wadau, kazi imenisubiri na mhariri hana utani. Ila mkienda makwenu, tazameni juu ya kabati. Huenda kuna kitu mmekiita kibovu miaka yote, na kumbe kinauliza ufunguo tu.